Anayesugua miguu yetu ndiye afundishwe kwanza

Mawaidha ya saratani ya ngozi yanayozunguka kwenye simu zetu ni yaleyale kila mwaka: kagua madoa yako, kwepa jua la mchana, paka losheni. Juu yake huwekwa picha ya mgongo wa Mzungu uliojaa vidoa vya kahawia. Mtu wa Mbagala anautazama, anajitazama, anapita. Huwezi kumlaumu. Aliyemtumia ujumbe ule hakumwambia kwamba ugonjwa huo na yeye unamhusu, ila kwake hukaa mahali pengine kabisa.

Kanuni inayofundishwa kila mahali ilitungwa New York mwaka 1985 na madaktari waliotaka watu wakumbuke kwa herufi nne za Kiingereza, A, B, C na D: doa lisilolingana pande zake, kingo zilizochongoka ovyo, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6. Mwaka 2004 ikaongezwa ya tano, E, yaani doa linalobadilika. Sina ugomvi nayo, na ile ya tano ningeifundisha hata shule ya msingi. Lakini ilikusudiwa ngozi inayoungua na jua. Melanoma, ambayo ndiyo kali kuliko saratani nyingine nyingi za ngozi, ikimpata mtu mweusi mara nyingi huanzia kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Huko jua halina la kufanya, na losheni haisaidii kitu.

Bob Marley tunamwimba wote, ila wengi wanaamini aliuawa na mpira. Kidole gumba cha mguu kiliumia uwanjani, ndiyo, lakini mwaka 1977 madaktari walikuta melanoma chini ya ukucha. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, ikafanyika operesheni ndogo zaidi. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imeshafika kwenye ubongo na mapafu. Mtu huyo alikuwa na pesa na madaktari wa kutosha. Fikiria sasa mkulima mwenye ukucha mweusi ambaye kila anayemwona anamuuliza, "Umejikwaa wapi?"

Unyayo kwetu una majibu mengi mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukiota kitu, ni sugu. Kikiuma, ni mwiba uliobaki ndani. Kikiwa na magamba, ni fangasi. Kikichimbika kisipone, kuna atakayesema umekanyaga tego, na miezi sita itaishia kwa mganga. Pwani tunaongeza hina: mama anapaka nyayo na kucha kwa harusi ya mtoto, haijaisha rangi anapaka tena kwa Idi, na mwaka mzima hakuna aliyeuona ukucha wake ulivyo, hata yeye mwenyewe. Sisemi watu waache hina. Nasema siku inapofifia, kabla ya kupaka nyingine, wakae mahali penye mwanga watazame.

Watazame nini? Mstari mweusi kwenye ukucha, kutoka shinani hadi nchani, ni jambo la kawaida kwa watu weusi, hasa ukiwa mwembamba na upo kwenye kucha kadhaa. Wa kushtukia ni ule uliotokea ukucha mmoja tu, zaidi kidole gumba cha mkono au cha mguu, unaopanuka, au ambao weusi wake umemwagikia kwenye nyama inayozunguka ukucha. Damu iliyovilia baada ya kugongwa hujitofautisha yenyewe kadiri muda unavyokwenda: ukucha ukikua, weusi unasogea mbele na shinani panabaki pasafi, japo ukucha wa mguuni huchukua mwaka na zaidi kujibadilisha wote. Weusi usiohama shinani usidhani tu umetokana na kugongwa. Kwenye unyayo, doa jipya ukubwani, linalotanuka, lenye weusi huku na kahawia kule, linalotoa damu au kidonda kisichofunga, halifai kusubiri.

Sasa nani anayeona nyayo za watu? Daktari si mara nyingi. Mgonjwa anaingia na viatu na anatoka navyo. Wanaoziona ni wale vijana wa Dar wenye beseni, jiwe la kusugulia na kikapu cha rangi za kucha, wanaozunguka sokoni na kwenye vibaraza vya saluni. Kijana mmoja anashika miguu ya wateja walewale kila baada ya wiki mbili tatu. Hakuna kliniki nchini yenye kumbukumbu kama hiyo. Halafu kuna wapaka hina, kuna wasusi wanaouona utosi ambao mwenyewe hauoni hata kwa kioo, kuna vinyozi.

Najua nitaambiwa nataka kuwafanya wauza rangi kuwa madaktari. Sitaki. Nataka wajue kusema sentensi moja: "Dada, hili doa safari iliyopita halikuwa hivi, kalionyeshe hospitali." Na wajue kuacha. Kuna wanaokata sugu kwa wembe na kuchoma sunzua kwa dawa kali, na doa likiondolewa hivyo hakuna tena wa kujua lilikuwa nini. Kinachobaki chini ya ngozi kinaendelea na safari yake. Ugumu ni kwamba vijana hawa serikali inawafahamu zaidi kupitia mgambo wanaowafukuza barabarani, kwa hiyo anayetaka kuwafundisha itabidi awafuate kwa amani.

Hospitali nako kuna hofu ya kisu. "Saratani ikiguswa na chuma inasambaa" — nimeisikia kwa watu wenye digrii. Ukweli ni kwamba kuchukua kinyama kwenda kupima hakusambazi saratani, na bila kinyama hicho daktari bingwa naye anakisia tu. Melanoma iliyozama chini ya milimita moja mara nyingi hukatwa na mtu akapona. Wale wanaoonekana kama ushahidi kwamba kisu kiliwaua, wengi walifika wakati tezi za kinenani zimeshavimba, yaani saratani ya mguuni ilikuwa imeshasambaa kabla ya kisu.

Haya yote hayawafuti watu wenye ualbino, ambao kwao jua ndilo adui hasa. Kwao usitafute doa jeusi: saratani zao nyingi huanza kama gamba kavu au kidonda kidogo kisichopona usoni, masikioni, shingoni, mdomo wa chini. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, inatengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao, na ni kazi ya kujivunia kuliko vitu vingi tunavyojivunia. Kofia pana na mikono mirefu bado inahitajika, na mwalimu anayemvua mtoto kofia mstarini kwa sababu si sehemu ya sare anamfanyia ukatili.

Kuna kundi la tatu ambalo halisemwi kabisa: wenye makovu ya zamani ya moto. Mtu aliungua na chai au aliangukia jiko akiwa mtoto, kovu likawa gumu, likawa linapasuka na kufunga miaka na miaka. Baada ya miongo kadhaa kidonda ndani ya kovu hilo kinaweza kugeuka saratani; madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, wameandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Kidonda kwenye kovu kikikaa zaidi ya miezi mitatu, kubadilisha bandeji hakutoshi. Omba kipimwe.

Pa kuanzia pia papo. Kliniki za kisukari tayari huwavua watu viatu kutafuta vidonda. Muuguzi yule yule, akiwa ameushika mguu, anaweza kutazama kucha na katikati ya vidole, na akiona weusi asioridhika nao aandike rufaa siku hiyohiyo badala ya kumpa mgonjwa dawa ya fangasi na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu.