Samaki wa Mama Mkwe na Friji Isiyonguruma

Mimi ni fundi friji hapa Mwanga, Kigoma mjini. Huu mwaka wa kumi na nane nafungua na kufunga friji za watu, za bucha, za baa, hadi za wauza ubuyu. Natanguliza hilo mapema ili aibu inayokuja muipime kwa kipimo chake.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam alituma hela mama yake apumzike. Siyo apumzike nyumbani kwangu, la hasha. Hotelini, ile ya kifahari kule ufukweni, siku mbili, vyumba viwili: kimoja cha mama, kingine chetu na watoto. "Sitaki mama ashike mwiko hizo siku mbili," alisema. "Akae tu aangalie maji."

Mama mkwe akateremka kutoka Kasulu Ijumaa jioni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Sasa nikishakaa nikaangalia maji, halafu?" Sikuwa na jibu. Mkwe haulizwi "halafu nini" naye hajibiwi ovyo.

Jumamosi asubuhi, tukiwa ndani ya bajaji na mabegi yetu, akaomba tupitie Kibirizi mara moja. Anayeijua Kibirizi asubuhi anajua kwamba hakuna "mara moja". Wavuvi wanatoka usiku na taa zao, wanarudi kunapokucha, na migebuka wanashushwa wakiwa bado wanang'aa kama sufuria mpya. Mama akanunua kumi na wawili. "Siwezi kurudi Kasulu mikono mitupu. Majirani wataniuliza, ulikwenda ziwani kufanya nini, kuoga?" Kuoga ndiko tulikokuwa tunakwenda, lakini nilinyamaza.

Nikajaribu kushauri kitaalamu. Samaki haanzi kuoza mkiani. Anaanzia tumboni na kwenye mashavu, kwa sababu matumbo yanaendelea kusaga hata mwenyewe akishakufa, yakikosa chakula yanasaga ukuta wa tumbo. Kwa hiyo unamtumbua, unamtoa mashavu, unamwosha damu yote ya kwenye uti wa mgongo, ndipo unamweka kwenye barafu. Na barafu, kwa joto letu, ni kilo kwa kilo: samaki kilo tano, barafu kilo tano, tabaka kwa tabaka, na chombo kiwe na tundu chini maji yatoke. Samaki akilala kwenye maji yake mwenyewe, umepoteza barafu bure.

"Samaki aliyetumbuliwa Kasulu wanasema ni wa jana," mama akajibu. Tukagawana: sita watumbuliwe pale pale, sita wabaki na matumbo yao. Barafu je? Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mwokaji hana mkate. "Hotelini hakuna friji? Na wewe si fundi?"

Hapo ndipo heshima yangu yote ilipoingia ndani ya friji.

Friji yenyewe ilikuwa kadogo, kama lita thelathini hivi, imefichwa kwenye kabati chini ya televisheni. Ndani mlikuwa na soda nne, maji, juisi na chokoleti, na juu yake karatasi ya bei ambayo mke wangu aliisoma akaifunika kwa Biblia ya hoteli. Nikavitoa vyote nikavipanga mezani. Kwa hoteli nyingi za kwetu usipofungua hulipi, wanahesabu tu unapoondoka. Huko nje zipo ambazo chupa inakaa juu ya kihisio. Ukiinyanyua tu kusoma, bili imeshaandika. Yetu ilikuwa ya kuhesabu kwa kidole, Mungu alisaidia.

Migebuka kumi na wawili wakaingia. Wa mwisho tuliwakunja mikia, na mlango niliufunga kwa goti. Fundi yeyote akisoma hapa atashika kichwa: friji iliyoshindiliwa hivyo hewa haizunguki, anayegusa ukuta wa nyuma anapata ubaridi, wa katikati anabaki na joto la Kibirizi. Najua. Lakini mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Na kulikuwa na jambo la pili. Friji ile haikuwa inanguruma. Nikatega sikio: kimya. Nikagundua ni zile za gesi ya amonia, zisizo na kompresa, ile pampu inayonguruma. Vijana wengi hawazijui, ila sisi tuliojifunza kazi zamani tulikutana na dada zake, zile friji za mafuta ya taa zilizokuwa zinatunza chanjo kwenye zahanati za vijijini. Unawasha utambi chini, kunapoa juu. Ukimweleza mtu hivyo anadhani umekunywa. Hii ya hoteli badala ya utambi ina hita ndogo nyuma. Hita inachemsha maji yenye amonia, amonia inapanda kama mvuke, inapoa kwenye mabomba ya nyuma inakuwa maji, halafu inashuka ndani kukutana na haidrojeni, inageuka mvuke tena na kubeba joto. Hakuna kinachozunguka, ndiyo maana haipigi kelele, na ndiyo maana hoteli zinazipenda: mgeni analala. Ubaya wake ni uvivu. Inataka saa nyingi kupoza, inataka isimame wima, inataka nafasi ya kupumua nyuma. Ni friji ya soda. Samaki wabichi kilo tano ni kumwonea.

Haya yote niliyajua. Nikafunga kabati, tukaenda ufukweni. Mke wangu akachomoa kadi ya mlango pale ukutani, akaitia kwenye pochi.

Ufukweni kulikuwa kuzuri, sina la kuongeza. Ziwa Tanganyika maji yake ni baridi, ni safi, na hayakupi chumvi machoni. Mchanga haumezwi na maji kujaa kama Pwani. Mtoto wangu Zuhura aliwaambia wadogo zake kwamba katikati huko kina kinafika mita 1,470, na kuanzia hapo hakuna aliyepita magotini. Mama mkwe aliletewa juisi yenye kimwavuli cha karatasi. Akakichomoa, akakikung'uta, akakifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya mjukuu wa Kasulu.

Saa nane mchana Zuhura akarudi kutoka chumbani alikokwenda kuchukua taulo. Alikuwa amefunguliwa na dada wa usafi.

"Baba, chumbani kunanuka Kibirizi."

Nikanyanyuka polepole, kwa hadhi. Mama naye alikuwa ametangulia chumbani kwake kuoga. Dada wa usafi akanifungulia kwa kadi yake, akaondoka nayo akiwa ameziba pua kwa upole sana, kama anajikuna. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya tangazo la tumbili, na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Nikasema moyoni, watu wastaarabu hawa, wanabana umeme.

Kumbukeni sentensi hiyo.

Nikagusa friji: vuguvugu. Nikashika nyuma kwenye hita, mahali panapotakiwa pakuunguze: pa baridi. Basi, nikasema, hita imekufa. Testa siachi nyumbani, hata msibani naenda nayo. Nikaitoa friji kabatini, nikailaza ubavu, nikafungua skrubu nne za nyuma. Migebuka wakahama wote upande mmoja kama abiria wa basi lililokata kona. Kabla ya kupima hita nikapima soketi kwanza, maana ndivyo ninavyowafundisha vijana: anza na umeme, maliza na friji. Sindano ya testa haikucheza. Sifuri.

Hapo mtu mwingine angewasha taa aone. Lakini saa nane mchana, jua la Kigoma linaingia hadi uvunguni, nani anawasha taa?

Nikahitimisha kwamba breka ya soketi imeanguka. Nikatoka koridoni, nikaliona boksi la breka, halikufungwa. Ndani breka kumi na mbili, zimeandikwa namba tu, na namba zenyewe hazikuhusiana na namba za milango. Zote zilikuwa juu. Kwa hiyo, nikafikiri, mojawapo inaonekana iko juu lakini imelegea. Dawa yake ni kuishusha na kuipandisha. Nikaanza. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kutoka bafu la pili kukatoka sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia miaka yote ya ndoa yangu.

"Uwiii! Maji ya barafu! Baba Zuhura! Umeme umekatika!"

Mama alikuwa na sabuni kichwani, chini ya ile hita ya papo kwa papo. Nami mkono uko kwenye breka. "Ndiyo mama, umekatika!" nikajibu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kwa kuchanganyikiwa nikaipandisha ya tatu nikashusha ya nne, ya tano na ya sita kwa pamoja. Muziki wa baa ukakata. Mzungu mmoja akafungua mlango akatazama dari. Mtu huko chini akapiga mluzi.

Aliyepanda ngazi kukimbilia boksi ni fundi umeme wa hoteli, na Mungu hana haraka anapotaka kukuaibisha, alikuwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, miezi minne, kabla hajaajiriwa.

"Shikamoo fundi," akasema.

"Marahaba. Soketi za chumba changu hazina umeme."

Akapandisha breka zote, akaingia chumbani, akaruka friji iliyolala, akasimama karibu na mlango. Hakuniangalia usoni, adabu niliyomfundisha ilikuwa bado ipo. "Fundi, kadi iko wapi?"

Kabla sijauliza kadi gani, mwanangu wa miaka sita akaingia mbio na kadi ya mama yake, akaitumbukiza kwenye kijisanduku cha ukutani, mchezo alioupenda kuliko ziwa lenyewe. Taa zote zikawaka. Kiyoyozi kikakohoa. Televisheni ikaanza kutangaza mpira.

Ndivyo zilivyo: kadi ikiwa ndani, kuna swichi kubwa inashika na kupeleka umeme chumba kizima, ukiichomoa, inasubiri nusu dakika hivi kisha inakata. Ukifunga nyaya vizuri, friji unaipa laini yake ya pembeni isiyopita pale. Chumba chetu friji ilikuwa kwenye laini moja na taa. Kwa hiyo tangu tulipotoka saa tano, ile friji ilikuwa kabati tu lenye mlango wa mpira.

Na sasa singeweza hata kuiwasha, maana nilikuwa nimeilaza. Friji ya amonia ukiilaza, maji yake yanahamia kwenye mabomba yasiyohusika. Unaisimamisha wima saa kadhaa ndipo unachomeka. Nikaenda baa kuomba barafu. Nilihitaji kilo tano. Mhudumu akanipa ndoo ya kupozea mvinyo na koleo, akanihesabia vipande kimoja kimoja.

Mama mkwe akaja, kilemba kichwani, povu bado sikioni. Hakusema neno. Akawatandaza samaki juu ya gazeti, akawakagua kwa dole gumba. Nyama ikirudi juu, mzima. Ikibaki na shimo, kwaheri. Macho yaliyozama, kwaheri. Shavu la rangi ya kahawia badala ya nyekundu, kwaheri. Sita waliotumbuliwa walipita wote. Wale sita wa "Kasulu wanasema ni wa jana", wanne walikuwa wameshapasuka matumbo na wawili walikuwa wa mashaka. Wa mashaka akawatupa pia. Hakunitazama, nami sikukohoa.

Jikoni kwa hoteli hawaruhusu chakula cha nje. Yule kijana wangu akatupeleka nyuma, karibu na jenereta, ambako walinzi wana jiko lao la mkaa. Mama akapata kreti la soda la kukalia, akapunguza moto, akaweka wavu, akaanza kubanika polepole, ngozi chini kwanza, akigeuza mara moja tu ili nyama isimeguke. Mlinzi mmoja alikuwa Muha wa Kasulu vilevile. Wakaanza kuulizana vijiji. Akaletwa unga wa muhogo, akaletwa mawese kwenye chupa ya maji. Wanne wa kubeba, wawili wa kula.

Jioni shemeji akapiga simu ya video. Nikaipokea, nikaigeuza. Mama yake yuko kwenye kreti, moshi machoni, mwiko mkononi, nyuma yake jenereta.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napumzika," akasema, akaendelea kusonga.

Usiku kijana akaninong'oneza kwamba kile kijisanduku hakisomi kadi, kina kiswichi cha kubonyezwa tu; kadi yoyote ya upana ule inafaa. Mama akasikia. Akatoa kitambulisho chake cha NIDA kwenye pindo, pale alipoweka kimwavuli, akakitumbukiza. "Sasa tutoke tusitoke, iwake." Friji nikaichomeka usiku huo huo, tupu.

Jumatatu asubuhi, mama yuko ndani ya basi la Kasulu na samaki wake wanne, simu ikalia. Mapokezi. Kuna kitambulisho cha bibi ukutani, na soda moja haionekani.

Nikarudi kwa bodaboda. Soda nikailipa, mwanangu wa miaka sita alikuwa nyuma yangu anatazama ziwa. Nikachomoa kitambulisho, na kabla taa hazijazima nikafungua ile friji nikaingiza mkono. Ilikuwa imepoza vizuri sana.