Swali la kwanza lisiwe "Kwani una mpenzi?"

Mwezi wa pili Dar es Salaam haukubali sweta. Ndiyo maana nilimwona. Alikuwa kidato cha pili, anakaa karibu na dirisha, na kwa siku ya tatu mfululizo alikuwa amevuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole huku wenzake wakijipepea kwa madaftari. Nilipomwita pembeni alisema ana homa. Rafiki yake ndiye aliyenieleza ukweli, kwa kunong'ona, nikiwa nashuka ngazi: mvulana wa kidato cha tatu alimshika mkono akausokota mpaka ukavimba. Kosa lake lilikuwa kuchelewa kujibu ujumbe wa WhatsApp. Tiki mbili zilishageuka bluu, naye alikuwa anaosha vyombo.

Jambo likafika ofisi ya walimu. Swali la kwanza aliloulizwa, mbele ya watu sita, lilikuwa: "Kwani una mpenzi?" Hakuna aliyeuliza nani kakuumiza, wala unaumwa wapi. Akanyamaza. Akachapwa kwa kosa la mapenzi shuleni, mvulana naye akachapwa, wazazi wakaitwa, yakaisha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale sita na sikusema kitu. Miaka imepita, bado naliona lile sweta.

Watoto wetu tumewaambia neno moja tu kuhusu mapenzi: muda wake bado. Sina ugomvi nalo. Mtoto wa miaka 13 ana mengi ya kufanya kabla ya hayo. Lakini neno hilo likibaki peke yake linamlinda anayepiga. Msichana hawezi kusema amepigwa bila kukiri kwanza kwamba ana mtu, na kukiri ni viboko, ni kusimamishwa mstarini, ni baba kusema ada ya mwakani ajilipie. Mvulana analijua hilo vizuri. "Nenda kaseme, uone watakavyokufanya." Hana haja ya kitisho kingine, sisi wakubwa tumeshamtengenezea.

Ndipo mimi, ambaye kwa miaka mingi nilikuwa mkali wa simu kuliko mwalimu yeyote shuleni kwetu, nikabadilika. Mtoto wa namna hiyo hana pa kuuliza nyumbani, hana pa kuuliza shuleni. Simu ya mama yake, saa tatu usiku, haimuulizi kwa nini anataka kujua. Kama kuna mahali elimu ya kuzuia ukatili kwenye mapenzi ya watoto wadogo inaweza kumkuta bila kumwaibisha, ni hapo.

Tena simu hiyohiyo ndiko ukatili wenyewe unakoanzia. Kabla ya mkono kusokotwa palitangulia mengine: nipe nywila yako kama kweli unanipenda, piga video nione uko wapi, futa namba za wavulana wote, hata binamu yako, mbona ulikuwa mtandaoni saa nne na hukunijibu. Baadaye inakuja picha. Anaombwa moja, anaituma kwa kubembelezwa, na tangu siku hiyo picha inakuwa kamba shingoni: ukiniacha, naitupa kwenye grupu la darasa. Ukiwauliza wasichana wa kidato cha kwanza kama huu ni ukatili, wengi watakuambia ni wivu, na wivu maana yake unapendwa. Wamejifunza wapi? Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwauliza Watanzania kama kuna sababu yoyote inayomhalalishia mume kumpiga mkewe. Asilimia 58 ya wanawake walisema ipo. Wanaume walikuwa asilimia 40. Mama ndiye aliyekubali zaidi, na binti yupo pale jikoni anasikia.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa, na kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa zito, hata kama aliyeisambaza ana miaka 16 na anadhani anamkomoa tu aliyemwacha. Ni wanafunzi wangapi wamewahi kuambiwa hivyo kwa Kiswahili wanachokielewa?

Bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe, aliwekwa ndani alipovunja ungo, akafundwa na kungwi. Mengine aliyofundishwa sitaki mjukuu wangu ayasikie, hasa ule wimbo wa kuvumilia kila kitu. Ila alifundishwa, tena kabla ya siku yenyewe, na mtu mzima aliyepewa kazi hiyo na ukoo. Mama yangu hakufundishwa. Mimi pia sikufundishwa. Tuliiacha ngoma ya mwali tukasema shule itafanya, shule nayo ikafundisha mfumo wa uzazi kwa mchoro ubaoni. Mtoto anajua mrija wa falopio uko wapi, na hajui amjibu nini anayedai nywila yake.

Suala la umri ndilo linalotushinda zaidi. Tunasubiri mpaka wafike kidato cha nne, wakati huo yameshatokea. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2024: kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani waliowahi kuwa kwenye uhusiano, karibu robo, kama milioni 19, wameshapigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenza kabla ya kutimiza 20. Anayefundishwa akiwa na miaka 17 amechelewa kufundishwa.

Marekani waliliona hili. Taasisi yao ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitengeneza mpango unaoitwa Dating Matters kwa watoto wa miaka 11 hadi 14, ukajaribiwa katika shule 46 kwenye maeneo manne: Baltimore, Chicago, na kaunti za Alameda na Broward. Ninachokipenda ni mpangilio wake. Darasa la sita na la saba hawaanzi na mambo ya wapenzi. Wanajifunza urafiki mzuri ukoje, hasira unaishushaje, unakataaje jambo bila kugombana. Wazazi wana masomo yao, walimu wana kozi yao ya mtandaoni ya bure. Ukifika darasa la nane ndipo ukatili wa kimapenzi unazungumzwa waziwazi. Walipowalinganisha na watoto waliopata somo la darasa la nane peke yake, waliopitia mpango mzima waliripoti kutenda ukatili kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 8, na kutendewa kwa takriban asilimia 10. Kuna atakayesema ni kidogo. Mimi nimeshika mkono uliovimba, siwezi kusema ni kidogo.

Najua pingamizi linalokuja. Nimelisikia kikao cha wazazi mpaka nimelikariri: "Madam, mnawafundisha watoto mapenzi." Mzazi mwenzangu, mtoto wako mapenzi anafundishwa kila siku na video fupi za mtandaoni ambazo mwanamume anamvuta mwanamke nywele na watu wanaweka vicheko. Tofauti ni kwamba mimi nataka ajue anaweza kusema hapana, na anayeambiwa hapana ajue pa kuishia.

Tatizo ni kwamba elimu yetu ya mtandaoni hutengenezwa na watu wenye kompyuta mpya na intaneti ya ofisini. Mabango yanatoka kwenye Siku 16 za Kupinga Ukatili, 25 Novemba hadi 10 Desemba, shule zinafungwa au zimeshafungwa, na bango limeandikwa lugha ya semina. Halafu kimya mpaka Novemba nyingine. Mtoto ninayemzungumzia hana simu yake. Anatumia ya mama kwa dakika ishirini, bando ni la shilingi mia tano, na huenda nyumbani kuna kitochi tu. Somo lake linatakiwa liwe sauti ya dakika mbili, au ujumbe mfupi wa kawaida unaofika hata kwenye kitochi. Liwe kisa: Neema kaambiwa hivi, ungekuwa wewe ungejibuje? Lisimtake aandike jina wala shule. Na hili watengenezaji wengi hawalifikirii kabisa: lazima aweze kulifuta lisibaki hata alama, maana simu yake inakaguliwa, na anayeikagua huenda ndiye yuleyule anayempiga. Somo lililobaki kwenye simu linaweza kumletea kipigo.

Hatuanzi sifuri. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, Shule Direct wamekuwa wakifundisha mtandaoni kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona tuliona redio na simu zikibeba masomo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bure. Kinachokosekana ni mtu wa wizarani kuamua kwamba hili nalo ni somo, kama hesabu.

Na wavulana. Yule wa kidato cha tatu alikuwa na miaka 16. Baada ya viboko hakuna aliyekaa naye hata nusu saa. Tulimfundisha kwamba anayekosa hupigwa, jambo ambalo tayari alikuwa analiamini, ndilo lililomleta ofisini. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana 1 kati ya 7. Wavulana hao wako madarasani mwetu, hawajawahi kumwambia mtu. Somo la mtandaoni linalomwita mvulana mkosaji tangu sentensi ya kwanza, atalifunga. Limuulize kwanza anajisikiaje ujumbe wake usipojibiwa. Hapo atasikiliza.

Ila mipaka iwekwe wazi. "Mpenzi" wa mtoto wa miaka 14 akiwa dereva wa bodaboda wa miaka 25, huyo hahitaji somo la mahusiano mema. Kwa sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana, kulala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake ni ubakaji hata kama binti alikubali. Mtoto aambiwe hivyo, na aambiwe kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Tukichanganya mambo haya mawili tutawapa watu wazima mahali pa kujificha.

Mwaka huu, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nilianza kurekodi sauti za dakika mbili kila Jumapili jioni na kuzituma kwenye grupu la wazazi wa kidato cha kwanza, nikiwaomba wasikilize pamoja na watoto. Sikutangaza kwamba ni masomo ya mapenzi. Ya kwanza ilihusu rafiki anayetaka kujua kila kitu chako. Wazazi watatu walijitoa kwenye grupu. Baba mmoja aliniandikia kwamba alisikiliza akiwa peke yake kwanza, kisha akamwita mwanawe wa kiume.

Wiki ya nne, saa tatu na nusu usiku, ukaingia ujumbe kutoka namba ya mama mmoja, ila mwandiko haukuwa wa mama. "Shikamoo madam. Mtu akisema anakagua simu yako kwa sababu anakupenda unamjibu nini."

Niliandika jibu refu, nikalifuta. Mwishowe nikabonyeza kipaza sauti nikaongea sekunde arobaini hivi. Nilianza na "Marahaba, mwanangu. Uko salama sasa hivi?" na sikumuuliza ni nani.

Asubuhi nilikuta swali lake limefutwa. Kwenye jibu langu, kile kipaza sauti kidogo kilikuwa kimegeuka bluu.