Hicho si kiwanja, ni jaruba

Kila ikifika Agosti matangazo yanaanza. Picha ya uwanda mtupu, mawe manne yamepakwa chokaa, kamba imevutwa, na maneno yaleyale: viwanja vya mita 20 kwa 20, tambarare, umeme jirani, dakika kumi kwa bodaboda kutoka mjini. Linaloniudhi ni hilo neno tambarare. Pembezoni mwa Tabora, uwanda usio na mti, usio na kichuguu wala nyumba ya mzee hata moja, watu waliuacha wazi kwa sababu. Ni mbuga. Masika maji yanakaa hapo wiki kwa wiki, na aliyekuwa analima hapo alikuwa anapanda mpunga. Kumuuzia mwalimu anayeanza maisha jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta ya kuzuia maji, kwa jina la kiwanja ni dhuluma, na naona inazidi kila mwaka kadiri mji unavyosogea kuelekea mashambani.

Wazee wa Kinyamwezi walilima mbugani ila hawakulala huko. Angalia walikojenga: juu, kwenye kichanga na udongo mwekundu, penye mininga na mitundu. Ukiteremka miti inabadilika, inakuja migunga, kisha majani matupu. Mteremko wenyewe ni mdogo mno, mgeni hauoni kwa macho, maana Tabora hatuna milima ya kumwonyesha mtu maji yanakwenda wapi. Ndiyo maana kiangazi kinadanganya. Tangu Juni hadi Oktoba kila mahali ni pakavu, kila mahali panafikika, na dalali ana haraka ya kuuza kabla mvua ya Novemba haijaanza kumsemea.

Kama ni lazima ukague kiangazi, nenda jioni jua limeinama, uchuchumae uangalie ardhi kwa upande. Vivuli vitakuonyesha matuta ya chini, kimo cha kifundo cha mguu, yanakatana kama vyumba. Hayo ni majaruba. Wengine wanapitisha greda kuyasawazisha, lakini nyufa haziondoki kwa greda: udongo mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka hadi kiganja kinaingia, na ukichokoa humo unakutana na vishina vya mpunga vya msimu uliopita. Okota donge, lilowanishe, lisokote liwe jembamba kama penseli, kisha likunje liwe duara. Likikunjika bila kukatika, huo ni udongo wa mfinyanzi na utakusumbua. Kichanga hakifiki hata hatua ya kusokotwa.

Ila usitulie kwa kuona kichanga juu. Sehemu za katikati, kati ya mwinuko na mbuga, zina mchanga mweupe wa kina kidogo, chini yake kuna tabaka gumu kama sakafu, maji hayapenyi. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu pakavu panaonekana pazuri kabisa. Chimba shimo la futi tatu. Jembe likianza kugonga na kuruka, umelifikia. Jaza shimo maji jioni, yakinywewa jaza tena, urudi asubuhi. Ukikuta maji bado yamesimama, mvua ya Februari nayo itasimama hivyohivyo, tena mlangoni kwako. Halafu zunguka kwa majirani, tazama kuta zao kwa nje: ule mstari wa tope uliokauka, wakati mwingine tofali mbili juu ya ardhi, ndiyo alama ya kina cha maji. Waulize akina mama wanaochota maji hapo, siyo dalali.

Kwa nini nalipigia kelele hili kuliko masuala ya hati? Kwa sababu kesi ya hati ina pa kupeleka. Mfinyanzi hauna baraza. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba iliyokaa juu yake inapandishwa masika na kushushwa kiangazi. Wala haipandi sawasawa: pembeni mwa kuta za nje maji yanafika mapema, katikati chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, panabaki pakavu. Ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda kimshazari kama ngazi ukifuata maungio ya tofali. Fundi anaziba kwa plasta, anapaka rangi, na masika yanayofuata unafunguka palepale. Mlango unaanza kugoma kufunga. Tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, ambazo ndizo wengi wetu tunaanza nazo, hazina nguvu ya kuvumilia mchezo huo.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba panajengeka. Unaondoa udongo mweusi chini ya msingi wote, unajaza moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka unalimwagia maji na kulishindilia kabla ya kuweka jingine. Juu ya msingi unazungusha mkanda wa zege, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, halafu jamvi unaliinua walau sentimita 60 juu ya ardhi. Sasa piga hesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120. Kuinua sentimita 60 tu ni mita za ujazo 72 za moramu iliyoshindiliwa, na kwa kuwa moramu hupungua ikishindiliwa, nunua kama 90. Lori linalobeba mita tano litakuja mara 18, bado hujaanza kujaza ulikotoa udongo mweusi, bado hujanunua mfuko mmoja wa saruji. Zidisha 18 kwa bei ya tripu anayokutajia dereva wa kwenu, ujumlishe kwenye bei ya kiwanja. Hiyo ndiyo bei halisi ya kile kiwanja rahisi. Mara nyingi ungepata cha mwinukoni, kidogo kuliko hicho, na chenji ikabaki.

Choo ndicho kinachoniumiza zaidi. Shimo la choo mbugani linajaa maji kabla halijajaa kitu kingine, kuta zinalainika, linabomoka. Wakati huohuo ndipo watu wanapochimba visima vifupi, maana bomba la TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, liko mbali na maji ya chini yako karibu. Kisima na choo vinatakiwa viachane angalau mita 30. Chukua futi kamba: kiwanja cha 20 kwa 20, hata ukiweka kisima kona hii na choo kona ya mwisho kwa mshazari, unapata mita 28. Na jirani yako ana choo chake upande wa pili wa ukuta. Watoto wanakunywa hayo maji. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, tumeshukuru sana, lakini kufika mjini na kufika kwenye kitalu chenu ni mambo mawili. Uliza bomba kuu liko mita ngapi na nani atagharamia kulivuta, kabla hujalipa.

Wapo watakaoniambia, kiwanja kimepimwa, kina bikoni (mawe ya mpaka), kina namba ya kitalu, wasiwasi wa nini? Upimaji unapima mipaka, haupimi maji. Kiwanja chenye hati safi kabisa kinaweza kuwa na samaki mwezi wa tatu. Naamini michoro ya mipangomiji ingepaswa kuonyesha mpaka wa maji ya masika waziwazi, na eneo la chini ya huo mpaka libaki la mpunga na bustani, kazi ambayo mbuga inaijua na inaifanya vizuri.

Hayo ya makaratasi wengi mnayajua, nayapitia haraka. Eneo likiwa bado ni la kijiji, mauzo yapite Halmashauri ya Kijiji, na muhtasari wa kikao uusome mwenyewe. Nyumba ya familia, mke au mume aridhie kwa maandishi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakina utani. Shamba la urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi ya mahakama, kikao cha ukoo peke yake hakitoshi. Chenye hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa ujue kama kimewekwa rehani. Kilicho kando ya barabara kuu, pima mita 30 kutoka katikati ya barabara, maana ndiyo hifadhi yake kwa Sheria ya Barabara ya 2007.

Nina ombi moja kwenye mkataba, na mwanasheria yeyote anaweza kuliandika kwa mistari mitatu: lipa sehemu sasa, sehemu iliyobaki ilipwe mwisho wa Aprili, baada ya pande zote mbili kukiona kiwanja kikiwa kimenyeshewa, na kikionekana kimefunikwa na maji, fedha irudi. Muuzaji wa kiwanja cha mwinukoni hapotezi kitu kwa kusubiri. Na nyie mnaotangaza, wekeni picha ya mwezi Machi, yenye mti au nyumba ya jirani kwa nyuma, ili mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Mwanza ajue ni pale pale.