Virusi vya Usutu: je, ndivyo vinavyomaliza ndege wa bustani za Ulaya?

Virusi vya Usutu vilipatikana ndani ya mbu kusini mwa Afrika mwaka 1959, na vikapewa jina la mto wa Eswatini. Kwa miongo kadhaa havikumshughulisha mtu. Kisha mwaka 2001, Vienna, watu wakaanza kuokota ndege waliokufa bustanini. Wengi walikuwa Amsel, kama Wajerumani wanavyomwita, ndege ambaye dume lake ni jeusi lenye mdomo wa manjano na huimba alfajiri. Ujerumani ilifuata mwaka 2011, London mwaka 2020.

Wanaovitupia virusi lawama wana hoja nzito. Watafiti walipolinganisha maeneo ya Ujerumani ambako Usutu hustawi na yale ambako haistawi, walikuta kwamba kwenye yale ya kwanza Amsel wamepungua kwa takriban asilimia 15 zaidi. Njia ya maambukizi nayo inajulikana. Mbu wa mijini, Culex pipiens, hunyonya damu ya ndege, na joto likipanda virusi huongezeka haraka ndani ya mbu. Kiangazi cha joto kali cha mwaka 2018 kilileta vifo vingi mno.

Lakini joto hilohilo hukausha udongo, na minyoo anayoitegemea Amsel ikajichimbia chini. Nani basi kaua, njaa au virusi? Tena mzoga wa bustanini huonekana na kuripotiwa, wa msituni huliwa na mbweha.

Kinachonisaidia kupima ni Marekani. Virusi vya West Nile, ndugu wa Usutu, vilitambuliwa Uganda mwaka 1937 na kutokea New York mwaka 1999. Kunguru wa Kimarekani walipungua hadi asilimia 45 katika baadhi ya maeneo. Blue jay, ndege wa buluu wa jamii ya kunguru, nao walipigwa, ila kufikia 2005 idadi yao ilikuwa imerudi. Kwa hiyo naamini virusi vinaua kweli, na kwa wingi. Kama spishi itainuka tena ni suala jingine, na hapo chakula na makazi vina uzito kuliko wengi wanavyokiri.

Siafikiani kabisa na wanaouita huu ugonjwa wa Afrika. Ndege wahamao huenda ndio waliovifikisha Ulaya, lakini vinasaba vinaonyesha koo za virusi zinazoishi hukohuko mwaka hadi mwaka, zikivuka majira ya baridi bila kuletwa upya.

Kwetu, maabara za mifugo zinazopima kideri na mafua ya ndege kwa kuku zina wataalamu wa kazi hii. Zipokee pia mizoga ya ndege wa porini. Tusipojua virusi hivi vinaishije na ndege wetu, tutaendelea kubahatisha kwa nini kule vinawaua.