Kikohozi kisichokoma: dawa za TB kwanza au skani?

Nairobi, mtu mzima akikohoa miezi kadhaa na kukonda, jambo la kwanza kushukiwa ni kifua kikuu. Si kosa. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, dawa zake ni za bure katika hospitali za umma, na mgonjwa anayecheleweshwa huwaambukiza anaolala nao chumba kimoja. Ndiyo maana daktari akiona madoa kwenye eksirei huweza kuanzisha dawa za miezi 6 hata GeneXpert, kipimo cha makohozi kinachotafuta vijidudu vya TB, ikiwa hasi. Kipimo hicho nacho hakimnasi kila mgonjwa, hasa yule asiyetoa makohozi ya kutosha.

Wanaotaka skani ya CT, picha ya mapafu yenye undani kuliko eksirei, mapema wana lao. Maradhi yanayochochota na kutia makovu kuta nyembamba za vifuko vya hewa ni zaidi ya 200, na kwenye eksirei mengine hudhaniwa TB kwa urahisi. Kovu likishakomaa halifutiki. Aina isiyojulikana chanzo huua wengi ndani ya miaka 3 hadi 5 baada ya kugunduliwa, na dawa za pirfenidone na nintedanib, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huipunguza kasi tu. Miezi 6 ya dawa zisizohusika ni mingi kwa mtu kama huyo.

Lakini skani hulipiwa, na picha bila msomaji haisaidii. Kutenganisha maradhi haya hutaka daktari wa mapafu na mtaalamu wa picha wajadiliane. (Kukata kipande cha pafu? Kwa mgonjwa aliyedhoofika, hatari yake mara nyingi huzidi faida.)

Mimi sipingi kutibu kwa kukisia. Napinga kukisia kusikowekewa tarehe ya kuangalia upya. Tena kuna dalili zisizohitaji mashine ghali: sauti kama ya kishikizo cha velcro kikibanduliwa, inayosikika daktari akisikiliza sehemu ya chini ya mapafu mgongoni, ncha za vidole zilizovimba, oksijeni inayoshuka mtu akitembea kidogo. Zikionekana na GeneXpert ni hasi, skani itangulie.

Atauliza mtu: ya nini kujua jina la ugonjwa ambao dawa yake hainunuliki? Kwa sababu aliyeumizwa mapafu na vumbi la njiwa au kuku huambiwa aachane nao, na steroidi, dawa za kutuliza mchochota, huweza kumfaa. Steroidi hizo hizo zikichanganywa na dawa za azathioprine na acetylcysteine kwa wenye makovu yasiyo na chanzo, utafiti wa 2012 ulionyesha vifo zaidi kuliko kwa waliopewa dawa bandia.

Mchonga mawe ndiye anayevuruga ubishi wote huu. Vumbi la silika humwachia makovu na pia humweka karibu zaidi na TB, kwa hiyo anaweza kuwa na vyote viwili. Yeye apimwe makohozi na apigwe skani, na akipewa rifampicin, mojawapo ya dawa za TB, daktari akumbuke kwamba hupunguza nguvu ya prednisolone, ambayo ni steroidi, mwilini.