Pemba ya Fisi

Mimi ni mtu wa Tukuyu, mahali ambapo ukianika nguo Jumatatu unaomba Mungu zikauke kabla ya ibada ya Jumapili, kwa hiyo nilipokubaliwa kujitolea katika utafiti wa wanyama walao nyama pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, upande wa Idodi, nilibeba koti la mvua na mwavuli. Ilikuwa Oktoba. Jangwa hatuna katika nchi yetu, lakini Oktoba ya huko ni kama inalifanyia mazoezi: vumbi jekundu, mibuyu isiyo na jani hata moja, na Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, kwa sehemu kubwa kwa sababu maji yake huchepushwa huko juu Usangu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Wali huo nimeula tangu utotoni bila kujua kwamba nawanyang'anya viboko maji yao, na wenyeji wangu walinikumbusha hilo kila tulipopakua.

Nilidhani nitahesabu simba. Nilikabidhiwa kinyesi cha fisi.

Fisi madoa hutafuna mifupa mpaka ikaisha, na kalsiamu ya mifupa hiyo ndiyo inayofanya kinyesi chake kikikauka kiwe cheupe kama chaki. Ndani yake hubaki nywele za mnyama aliyeliwa, ambazo zikitazamwa kwa hadubini huonyesha kama mlo ulikuwa swala au mbuzi wa mtu, na katika vijiji vya wafugaji hilo si jambo dogo. Bahati nzuri fisi ni wastaarabu kuliko wanavyosemwa, kwani ukoo mzima huwa na vyoo vyake vya pamoja, ambavyo pia ni alama za mipaka ya eneo lao. Ukigundua choo kimoja, kazi ya siku imekwisha. Nilivaa glovu, nikaokota, nikatia kwenye bahasha za kaki, kwa kuwa mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuotesha ukungu, kisha nikaandika tarehe na mahali.

Mwezi ulipokwisha nilitumwa kupeleka bahasha 31 Iringa mjini kwa basi la alfajiri. Kondakta alitaka mzigo upande kwenye keria pamoja na begi langu, nami nikakataa, nikaupakata kama mtoto mchanga. Kando yangu aliketi dada mmoja mwenye ujauzito uliokwisha kuwa mkubwa. Tulipovuka korongo la kwanza mfuko ulichanika, bahasha moja ikafunguka, na weupe ukachungulia.

"Samahani, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo pemba umenunua wapi?"

"Siyo pemba, dada."

"Nitakulipa. Nikatie hata ya mia mbili."

"Hii hailiwi."

Mama wa kiti cha nyuma alishindwa kuvumilia. "Wewe kijana, mjamzito unamnyima udongo? Udongo!" Babu wa mbele akageuka taratibu na kunishauri nimpe tu, kwa sababu mzigo wote ule nisingeumaliza peke yangu. Kondakta naye akaniomba nisimsababishie mtu kuzalia ndani ya gari lake.

Nilitazama dirishani, nikakohoa, kisha nikasema ukweli. "Hiki ni kinyesi cha fisi."

Afadhali ningesema bangi. Basi lilinyamaza mpaka nikasikia vioo vikitetemeka, kwa maana hapakuwa na abiria hata mmoja asiyejua ni watu gani husemwa kwamba husafiri usiku kwa kupanda fisi.

"Unakipeleka wapi?" aliuliza babu.

"Kwa mtaalamu," nilijibu, nikisahau kabisa kwamba waganga nao hujiita hivyo.

"Mtaalamu gani?" Mkongojo wake ulikwisha kusogea karibu na goti langu.

Barua ya kibali ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye keria. Dereva alisimamisha gari, kondakta akapanda juu huku akinung'unika, na babu akavaa miwani akaisoma barua kwa sauti tangu anwani hadi mhuri. Alipofika kwenye maneno "sampuli za kinyesi", mama wa nyuma aliangua kicheko ambacho kilizunguka basi zima na kurudi kwake. Babu aliomba kuona kipande kimoja, nikamshikia kwa glovu. Alikisogelea, akaziona nywele zilizochomoza, akatoa hukumu bila hadubini: "Hizi ni za mbuzi. Na huyo fisi mimi namdai."

Dada hakucheka. Alifungua pindo la khanga yake polepole, akanionyesha kipande cheupe kilichokuwa kimefungwa humo vizuri. "Kilidondoka tulipovuka korongo," alisema bila kunitazama. "Nilikuwa nasubiri nifike nyumbani nikioshe." Nilimpa chupa yangu ya maji na kipande cha sabuni, naye akanawa mikono kupitia dirishani mpaka sabuni ikaisha.

Tuliendelea na safari. Dada alihamia mbele kwa babu, na ingawa tangu Idodi watu walikuwa wamesimama wakibanana hadi mlangoni, hakuna aliyekikaribia kiti kilichobaki wazi kando yangu. Tulipoingia Iringa, kondakta alinitoza nauli ya viti viwili. Jioni mratibu wetu alikagua hesabu na kuuliza kiti cha pili kilikuwa cha nani, nikamjibu kwamba kilikuwa cha fisi.