Pushapu za 2015 na swali aliloulizwa mtu mmoja

Waulize wafuasi wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani wa mwaka 2015, kilichowauma zaidi katika kampeni zile. Wengi hawataanza na matokeo, wataanza na jinsi mgombea wao wa urais, mzee Edward Lowassa, alivyosemwa mwili wake. Mikono yake, mwendo wake, sauti yake, hotuba za dakika chache kisha anashuka jukwaani: vyote viligeuzwa kichekesho, mikutanoni na kwenye makundi ya WhatsApp. Upande wa pili mgombea wa chama tawala, CCM, Dk. John Magufuli, anaweka viganja chini mbele ya umati na kupiga pushapu, watu wanalipuka kwa vifijo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kijembe kile kilimlenga nani.

Tangu hapo wastaarabu wametoa hukumu moja: afya ya mgombea isiguswe, tushindane kwa sera. Ni hoja nzito na ina mizizi kwetu. Hujafa hujaumbika, anayecheka mgonjwa leo hajui kesho yake. Mkono unaotetemeka hauna uhusiano wowote na uwezo wa kusoma bajeti. Zaidi ya hapo, Maadili ya Uchaguzi yanayosainiwa na vyama, Serikali na Tume ya Uchaguzi yanakataza matusi na kashfa majukwaani, na mwaka ule yalikiukwa mchana kweupe. Siku CCM inazindua kampeni pale Jangwani, Agosti 23, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita wapinzani wanaojinadi kuwa wakombozi wapumbavu na malofa. Mtu wa hadhi yake akishafungua mlango hivyo, vijana wa chini watajizuia kwa lipi?

Hata hivyo nadhani hukumu hii imemkosa mkosaji. Kuuliza kama mgombea urais ni mzima si tusi. Ni swali la haki kabisa, na kwa nchi kama yetu, ambako Katiba imemlundikia rais madaraka kiasi kile, ni la lazima. Dhambi ya 2015 ilikuwa kwingine: lilielekezwa kwa mtu mmoja, likaulizwa kwa kejeli, na mwenzake akaruhusiwa kulijibu kwa mazoezi ya viungo.

Tuliangalie jibu lile la pushapu, maana ndilo linalonisumbua hadi leo. Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alilitangazia taifa kuwa Rais Magufuli amefariki dunia kwa maradhi ya moyo, kwenye mfumo wake wa umeme, tatizo alilokuwa nalo kwa zaidi ya miaka 10. Piga hesabu. Zaidi ya miaka 10 kabla ya 2021 ni kabla ya kampeni zile. Mtu aliyekuwa akituonyesha uzima wake jukwaani alikuwa tayari na moyo wenye tatizo. Lowassa, aliyeambiwa hatafika, alifariki Februari 10, 2024, karibu miaka mitatu baada ya mwenzake. Simlaumu marehemu kwa kuugua, wala sisemi asingepaswa kuchaguliwa. Watu wengi wenye maradhi ya moyo wanafanya kazi ngumu na wanazeeka. Ninachosema ni kwamba wapiga kura 8,882,935 walimpa kura bila kuambiwa, na 6,072,848 waliompa Lowassa nao hawakuwa na karatasi yoyote mkononi kuhusu mtu wao. Tulibaki na tetesi kwa huyu na maonyesho kwa yule.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha gharama ya kulifanya swali hili kuwa silaha badala ya utaratibu. Rais alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27, 2021. Wiki mbili zikapita. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasema akiwa Njombe kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Polisi wakawakamata watu kwa kueneza mitandaoni kwamba anaumwa. Yaani kile kilichokuwa burudani ya mkutano wa hadhara kilipomhusu mpinzani, kikawa kosa la jinai kilipomhusu mwenye nchi. Na Katiba ina utaratibu wake: Ibara ya 37 inasema Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kumudu kazi kwa maradhi ya mwili au akili, limwombe Jaji Mkuu, naye aunde bodi ya utabibu ya watu wasiopungua watatu. Ni mzuri kwenye karatasi. Lakini waziri gani, aliyeteuliwa na Rais na anayeweza kutumbuliwa kabla ya jua kuzama, atathubutu kuwa wa kwanza kulitaja hilo kikaoni?

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa “siasa safi” hulipita haraka. Kilio cha mashambulizi binafsi kiliwafaa pande zote mbili mwaka ule. Chadema, chama cha UKAWA kilichomsimamisha Lowassa, ambayo katibu mkuu wake Dk. Willibrod Slaa alilisoma jina la Lowassa kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007, sasa kila swali la Richmond, lile sakata la mkataba wa umeme, ililiita kumchafua mzee, mwenye ushahidi aende mahakamani. Slaa mwenyewe aliamua kukaa pembeni. CCM nayo, kwa kumcheka mwili, ilijiepusha kueleza kwa nini mtu aliyeachia uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata hilo ilikaa naye vizuri tu hadi alipokatwa jina Dodoma kwenye mchujo wa wagombea urais wa chama, akahamia upinzani. Machi 2019 ikampokea tena kwa shangwe, na uzima wake haukuwa hoja tena!

Wanaopinga wazo langu, kwamba kila mgombea aulizwe afya yake kwa utaratibu, wana hoja moja inayonipa taabu kweli. Wanasema ukiingiza afya kwenye masharti ya kugombea umeipa Tume, ambayo wajumbe wake huteuliwa na Rais, kisu kingine cha kukatia wapinzani. Mfano wao ni Tundu Lissu wa Chadema. Alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, akarejea Julai 2020 akichechemea na kugombea urais. Kwa cheti cha daktari, angepita? Pengine asingepita. Na Oktoba mwaka huo tuliona jinsi kanuni za lugha zinavyoweza kutumika: kamati ya maadili ya Tume ilimsimamisha kampeni kwa siku 7 kwa maneno aliyoyasema kuhusu Rais kukutana na wasimamizi wa uchaguzi. Kanuni ya adabu ilimpata aliye nje ya madaraka, wala hakuna wa kushangaa.

Ndiyo maana sitaki afya iwe kigezo cha kumwengua mtu. Nataka iwe tamko: kila mgombea aeleze maradhi ya kudumu aliyonayo, daktari athibitishe, karatasi ibandikwe pamoja na fomu nyingine, mpiga kura aamue mwenyewe. Lissu asingepoteza chochote, kila mtu aliyajua majeraha yake. Lowassa angemaliza uvumi siku moja, au angeuthibitisha na kujitetea kama mtu mzima. Magufuli angeweza kushinda hata akitaja moyo wake, na pushapu zisingekuwa na kazi. Kwa sasa Ibara ya 39 inataka mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 40, awe mwanachama wa chama na asiwe amehukumiwa kwa kukwepa kodi. Kuhusu afya ya mwili haina neno. Mtoto anayeripoti kidato cha kwanza hupewa fomu ya kupimwa afya aende nayo hospitali ikagongwe muhuri. Amiri Jeshi Mkuu haombwi.